Mshika Fani Mbili Anachelewa Wapi?

Meza ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu. Ngazi ya 5. Korido ya mawe, mwenge mmoja, maorki wanane wanakuja mbio. Mchawi wa kundi ananyoosha kidole na tufe la moto linalipuka katikati yao: dadu nane za pande sita, jumla 28. Watano wanaanguka hapohapo. Watatu waliowahi kujirusha pembeni wamekula nusu ya moto, 14, na orki ana pointi 15 za uhai. Wamebaki na pointi moja moja, wima, na hasira tele.

Zamu inafika kwa mpiganaji-mchawi. Huyu amegawanya ngazi zake tano kati ya fani mbili, yaani kazi mbili za mhusika: 3 za upiganaji, 2 za uchawi. Anapiga upanga mara moja, orki mmoja anakufa, zamu imekwisha.

Mpiganaji mtupu wa ngazi ya 5 angepiga mara mbili.

Hakuna aliyekosea. Karatasi imejazwa sawasawa, sheria za mchezo zimefuatwa, dadu zenyewe zimekuwa na huruma. Lakini mezani kuna mtu anayeikodolea macho karatasi yake kuliko kawaida, akijiuliza zile ngazi tano zake zimekwenda wapi. Tukio la namna hii limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa, kwa sababu karibu kila anayechanganya fani hulipitia, na jibu analopewa ni lilelile: umejitawanya mno.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa hakuna kilichoponyoka. Pigo la pili liko kitabuni linamngoja, na tufe la moto liko kitabuni linamngoja.

Amechelewa tu. Nataka kujua amechelewa wapi, na kwa nini.

## Mlango wa ngazi ya 5

Toleo la sheria la 2014 limepangwa ili ngazi ya 5 iwe mlango mkubwa. Mpiganaji, paladini, mtawa na wenzao wa silaha wanapata pigo la pili. Mchawi, kasisi na malenga wanafungua daraja la 3 la uchawi, lile ambalo kwa mchawi lina tufe la moto. Hatua moja kabla ya hapo, ngazi ya 4, kila fani inatoa nyongeza ya uwezo, yaani kupandisha Nguvu, Akili na mfano wa hizo.

Mpiganaji 3/mchawi 2 amepishana na milango hiyo yote. Hana pigo la pili, hana daraja la 3, na kwa kuwa nyongeza ya uwezo huhesabiwa kwa ngazi za fani moja moja, hana hata hiyo.

Tuweke tarakimu. Upanga wa dadu ya pande 8, Nguvu 16, na mtindo wa kupigana kwa silaha moja unaoongeza 2: pigo likimpata adui, wastani ni 9.5. Mpiganaji mtupu wa ngazi ya 5 ameshapandisha Nguvu hadi 18, kwa hiyo pigo lake ni 10.5, na anayo mawili: 21. Ni zaidi ya mara mbili, na bado hatujahesabu kwamba Nguvu ya 18 inakosa mara chache kuliko ya 16.

Sasa lini mchanganyaji wetu atakuwa na vyote viwili, pigo la pili na tufe la moto? Ngazi 5 huku, ngazi 5 kule. Ngazi ya 10. Kwenye jedwali la uzoefu, ngazi ya 5 inafikiwa kwa pointi 6,500. Ngazi ya 10 inafikiwa kwa 64,000. Ni karibu mara kumi, na yeyote aliyewahi kupanga ratiba ya watu watano wenye kazi na familia anajua makundi mangapi huvunjika kabla ya hapo.

Kuna vitu viwili visivyochelewa: nyongeza ya umahiri inayoingia kwenye dadu zako, na ule uchawi mdogo usiokula nafasi za uchawi, yaani idadi ya kuroga uliyopewa kabla ya kupumzika. Vyote vinafuata jumla ya ngazi. Kwa hiyo mpiganaji 3/mchawi 2 akirusha kimwali cha moto anatupa dadu mbili za pande 10, wastani 11. Hiyo inaushinda upanga wake! Ana Akili 14, kwa hiyo dadu ya kulenga anairusha kwa +5 badala ya +6 ya upanga, tofauti ndogo. Mtu aliyechukua fani mbili ili awe na upanga na moto anajikuta silaha yake bora ni kitu alichofundishwa siku ya kwanza ya kuingia uchawini.

## Bei haikukaa hapa siku zote

Mchezo ulipotoka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, fani zilikuwa tatu: mpiganaji, mchawi, kasisi. Mwizi aliongezwa 1975. Elfi, mmoja wa wahusika wasio binadamu, aliruhusiwa kuwa mpiganaji au mchawi na kubadilisha apendavyo kati ya safari moja na nyingine, mradi asibadilishe katikati ya mchezo. Hakukuwa na hesabu ndefu. Leo uko hivi, kesho uko vile.

Toleo jepesi la 1981 likamfanya elfi kuwa fani yenyewe. Anapigana, anaroga, basi. Bei yake iliandikwa waziwazi: mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya 2, mchawi 2,500, elfi 4,000. Karibu jumla ya wote wawili. Kwangu mimi hii ndiyo sheria ya wazi kuliko zote zilizofuata, kwa sababu mchezaji aliiona bei kabla hajachukua mzigo.

Toleo la 1989 ndilo lililonichanganya. Wasio binadamu walibeba fani mbili au tatu tangu mwanzo, na pointi zote za uzoefu ziligawanywa sawa. Ukisikia nusu kwa nusu unadhani ni adhabu kali. Chukua kalamu.

Mchawi mtupu mwenye pointi 40,000 alikuwa ngazi ya 6. Elfi mpiganaji-mchawi mwenye 40,000 hizohizo aliweka 20,000 kila upande. Mpiganaji wa ngazi ya 5 alianzia 16,000. Mchawi wa ngazi ya 5 alianzia 20,000 kamili. Elfi wetu ni ngazi ya 5 pande zote mbili.

Nyuma kwa ngazi moja. Moja tu!

Siri iko kwenye jedwali. 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000: kila ngazi ya mpiganaji ilidai maradufu ya jumla iliyotangulia, na jedwali likiwa hivyo, mwenye nusu ya pointi yuko hatua moja nyuma. Ndiyo maana waandishi walilazimika kuweka breki nyingine. Pointi za uhai zilikuwa wastani wa dadu za fani zote mbili. Mchawi aliyechanganya fani hakuweza kuroga akiwa amevaa deraya, ila ile ya kielfi. Na kulikuwa na ukomo: elfi alisimama ngazi ya 12 kama mpiganaji na ya 15 kama mchawi, wakati binadamu aliendelea.

Baada ya ngazi ya 9 mambo yaligeuka. Jedwali la mpiganaji liliacha kujirudufu, kila ngazi ikawa 250,000, na hapo nusu ikawa nusu kweli. Ukiulizwa kama kuchanganya fani katika toleo hilo kulikuwa na nguvu au hakukuwa, ni lazima uulize kwanza: kabla ya ngazi ya 9 au baada?

Binadamu walikuwa na njia yao, ngumu kama jiwe. Unaiacha fani ya kwanza na kuanza nyingine ngazi ya 1. Ulitakiwa uwe na 15 katika uwezo mkuu wa fani ya zamani na 17 katika ule wa fani mpya. Ukitumia ujuzi wa zamani kabla fani mpya haijaupita, ulikosa pointi za uzoefu za pambano hilo. Mpiganaji wa ngazi ya 6 aliyehamia uchawi alihitaji afike ngazi ya 7 ya uchawi, yaani pointi 60,000 mpya, ndipo atumie upiganaji wake bila kukatwa. Wakati huo wote kundi lilimbeba mgongoni.

## Mwaka 2000, kila mtu na jedwali moja

Toleo la tatu lilifuta hayo yote. Mbari yoyote, fani yoyote, ngazi baada ya ngazi, chukua utakacho. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini jedwali la uzoefu likawa moja kwa fani zote, na bei ya ngazi inayofuata ikahesabiwa kwa jumla ya ngazi ulizonazo. Mpiganaji wa ngazi ya 9 aliyetaka kuonja uchawi alilipa pointi 9,000, sawasawa na mwenzake aliyepanda kwenda ngazi ya 10 ya upiganaji. Alichopata ni uchawi wa mwanafunzi.

Kitu cha ngazi ya 1 kwa bei ya ngazi ya 10. Kwa muda nilidhani kuchelewa kunatokana na kugawanya nguvu. Hesabu ya 1989 inaonyesha unaweza kugawanya katikati na usichelewe sana. Kinachochelewesha ni kulipia vitu vidogo kwa bei ya vitu vikubwa, na huo ndio mfumo tulionao hadi leo.

Upande wa pili wa jedwali hilo ulikuwa na tundu. Fani yenye umahiri wa kujinusuru na sumu, uchawi na kadhalika ilitoa +2 ngazi ya kwanza, halafu nusu nusu. Ukichukua ngazi moja ya mpiganaji, moja ya babari (mpiganaji wa hasira) na moja ya ranja (mwindaji wa porini), zote tatu zenye Ustahimilivu mzuri, ulipata +6. Mpiganaji mtupu wa ngazi ya 3 alikuwa na +3. Uhodari wa kupiga nao ulijumlishwa bila kupotea. Kwa hiyo watu wa silaha walichovya kila chungu na kuneemeka, na watu wa uchawi walichovya mara moja na kujuta, kwa sababu madaraja ya uchawi hayakujumlishwa.

Kulikuwa na faini ya asilimia 20 ya uzoefu kwa mwenye fani zilizopishana kwa zaidi ya ngazi moja, isipokuwa fani pendwa ya mbari yake. Meza nyingi ziliipuuza. Marekebisho ya 2003 yalienda kwenye chanzo: ranja, aliyekuwa akigawa upiganaji wa silaha mbili bure ngazi ya 1, aliusogeza hadi ngazi ya 2. Kwa kasisi-mchawi ikawekwa fani maalumu iliyopandisha uchawi wa pande zote mbili kwa pamoja, ila ulitakiwa kwanza uwe na daraja la 2 la kila upande, yaani kasisi 3/mchawi 3. Ngazi sita za kusubiri.

Toleo la 2008 lilifunga milango: uliazima ujuzi wa fani nyingine kwa vipaji, mmoja mmoja. Salama, na halikumfurahisha mtu.

## Anayechelewa hachelewi peke yake

Haya ndiyo yaliyonikaa zaidi, kuliko hesabu ya upanga.

Kasisi akifika ngazi ya 5 anapata uchawi wa daraja la 3 wa kumrudisha aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita, ukiwa na almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Kundi zima linaijua tarehe hiyo. Wananunua almasi mapema. Wanaanza kuingia vyumba ambavyo ngazi ya 4 wasingethubutu.

Sasa kasisi wao anachukua ngazi moja ya mwizi, kwa kuwa alitaka kufungua makufuli. Jumla ni 5, msimamizi wa mchezo anapanga maadui wa ngazi ya 5, mwenzao anaanguka, almasi iko mfukoni.

Haina wa kuitumia.

Ajabu zaidi ni kasisi 4/mchawi 1. Nafasi za uchawi hujumlishwa, kwa hiyo kwenye jedwali la pamoja ni mrogaji wa ngazi ya 5 na ana nafasi mbili za daraja la 3. Lakini uchawi anaoweza kuuandaa huhesabiwa kila fani peke yake, kana kwamba nyingine haipo: kasisi wa ngazi ya 4 anaishia daraja la 2, mchawi wa ngazi ya 1 anaishia daraja la 1. Ana nafasi mbili kubwa na hana cha kuweka ndani yake ila uchawi mdogo uliokuzwa. Uponyaji wa daraja la 1 ukitiwa katika nafasi ya daraja la 3 unaponya zaidi, hilo ni kweli. Maiti haiponyi.

Hili ndilo kosa la karatasi ninaloliona mara nyingi kuliko yote: mtu anasoma nafasi alizonazo na kujiandikia uchawi wa daraja hilo. Msimamizi asipolikamata mapema, inabidi kumnyang'anya mtu uchawi aliokwisha kuuzoea, na hapo hakuna mwenye raha.

## Fani zinazokula sahani moja

Kama kanuni ni kuchelewa, mbona paladini-sosera, shujaa wa kiapo aliyechanganya na mrogaji wa kuzaliwa, anatisha hivyo?

Kwa sababu hachelewi. Katika toleo la 2014 pigo takatifu la paladini hutumia nafasi yoyote ya uchawi, bila kuuliza imetoka fani gani: dadu mbili za pande 8 kwa nafasi ya daraja la 1, dadu moja zaidi kwa kila daraja, hadi tano. Paladini huhesabiwa nusu ya ngazi zake kwenye jedwali la pamoja, sosera zote. Paladini 10 ana nafasi 4 za daraja la 1, 3 za daraja la 2 na 2 za daraja la 3. Paladini 6/sosera 4 anahesabiwa 3 na 4, jumla 7: nafasi 4, 3, 3, na moja ya daraja la 4. Ana mafuta mengi kuliko paladini mtupu, alishapata pigo la pili ngazi ya 5, na fani zote mbili zinaendeshwa na uwezo mmoja, Mvuto.

Hebu rudi kwa mpiganaji-mchawi. Upanga hauhitaji nafasi za uchawi, uchawi hauhitaji pigo la pili, Nguvu haihitaji Akili. Ngazi za upande mmoja hazina cha kuupa upande wa pili. Yule ana fani mbili zinazolishana. Huyu ana wapangaji wawili wasiosalimiana.

Ndipo kunakuja kuchovya. Mchawi aliyechukua ngazi 2 za mpiganaji alipata kitendo cha ziada, na kwa sheria za 2014 aliweza kurusha matufe mawili ya moto katika zamu moja: wastani 56. Alilipa kwa kuchelewa daraja zima la uchawi, na wengi waliona inafaa. Mwenye Mvuto alichukua ngazi moja ya waloki, mrogaji anayepata nguvu kwa mkataba na kiumbe fulani, hasa lile tawi (mkondo ndani ya fani) la 2017 lililomruhusu kupiga kwa Mvuto badala ya Nguvu, pamoja na deraya ya kati na ngao, yote ngazi ya 1. Mchovya asali hachovi mara moja. Baada ya hapo alirudi kuchukua ngazi ya pili.

Sheria za 2024 zimeziba matundu haya moja moja. Kitendo cha ziada hakiruhusu tena kuroga. Pigo takatifu limekuwa uchawi unaokula kitendo kidogo cha zamu, kwa hiyo ni mara moja kwa zamu. Matawi yote yamesogezwa hadi ngazi ya 3. Paladini na ranja sasa wanahesabiwa nusu ya kupandisha juu, si ya kushusha, na hilo ni jema kwa mchanganyaji wa kawaida. Ila mkataba wa silaha wa waloki umeletwa hadi ngazi ya 1, nao unaruhusu kupiga kwa Mvuto. Mlango umefungwa, dirisha limeachwa wazi.

## Kabla hujaandika ngazi ya fani ya pili

Anza na 13. Unahitaji 13 katika uwezo mkuu wa fani uliyonayo na ya ile unayoingia, zote mbili. Mpiganaji anachagua Nguvu au Wepesi. Paladini anadai Nguvu na Mvuto, mtawa Wepesi na Busara. Mtu anayeota paladini-mtawa na ana pointi 27 za kununulia uwezo ajue hivi: 13 moja ni pointi 5, nne ni 20, zilizobaki 7 zinanunua Ustahimilivu 14, na Akili inabaki 8. Hakuna hata uwezo mmoja uliofika 15. Unaruhusiwa. Pia unaruhusiwa kutembea kutoka Dar hadi Dodoma.

Fani ya kwanza ina uzito kuliko watu wanavyodhani, na si kwa sababu ya pointi za uhai. Mpiganaji akianza anapata 10, ngazi ya mchawi ikifuata ni 4 za wastani: 14. Mchawi akianza ni 6, ngazi ya mpiganaji ni 6: 12. Tofauti ni mbili tu. Uzito uko kwingine. Umahiri wa kujinusuru unatoka fani ya kwanza peke yake, na mpiganaji anatoa Nguvu na Ustahimilivu. Ustahimilivu ndio unaoshikilia uchawi wako unapopigwa: lazima ufikishe 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa. Deraya nzito nayo haitolewi kwa anayeingia upiganaji kama fani ya pili. Anapata nyepesi, ya kati na ngao. Kwa hiyo mpiganaji kwanza, mchawi baadaye, isipokuwa unayo sababu ya nguvu.

Usitegemee vitu vya jina moja kujumlishwa. Pigo la pili la mpiganaji na pigo la pili la paladini ni lilelile moja. Ulinzi wa bila deraya wa babari na wa mtawa haviunganiki, unabaki na wa kwanza.

Halafu fika ngazi ya 5 ya fani moja kabla ya kuhama. Ukiwa kwenye kundi lisilo na mponyaji mwingine na wewe ndiye kasisi, waulize wenzako kwanza. Wao ndio watakaolala chini.

## Labda tawi linatosha

Mara nyingi anayetaka fani mbili anataka picha moja: mtu wa upanga anayeroga. Picha hiyo ina njia za mkato.

Tawi la kichawi la mpiganaji linampa uchawi kuanzia ngazi ya 3, na hachelewi chochote cha upiganaji. Tufe la moto atalipata ngazi ya 13, mbali kweli, lakini ngao ya kichawi ya dharura anayo mapema, na hiyo ndiyo anayoihitaji kila pambano. Upande wa pili kuna tawi la mchawi wa kuimba na upanga: tufe la moto ngazi ya 5, pigo la pili ngazi ya 6. Vyote viwili kwa pointi 14,000 za uzoefu badala ya 64,000. Havai deraya ya kati wala nzito, hashiki ngao, na pointi zake za uhai ni za mchawi. Akiguswa anaumia.

Nilisita kuyaandika haya kwa sababu yanaonekana kama kumwambia mtu aache kuota. Lakini ukiweka mpiganaji 5/mchawi 5 na mwimba-upanga wa ngazi ya 10 bega kwa bega, wa pili ana uchawi wa daraja la 5 na wa kwanza ameishia la 3. Wa kwanza ana deraya nzito na kitendo cha ziada. Ukipenda mtu mgumu wa mstari wa mbele mwenye tufe moja au mawili ya akiba, yule mchanganyiko si mjinga hata kidogo.

## Mkataba katikati ya safari

Shaka moja bado ninayo. Mpiganaji wa ngazi ya 7 amefungiwa kisimani na kitu chenye sauti, kitu kinampa mkataba, mchezaji anasema ndiyo. Simulizi yenyewe imeomba waloki. Je, umkatalie kwa sababu ya jedwali?

Nenda kwenye jedwali lenyewe. Mpiganaji 7/waloki 1 anakosa nyongeza ya uwezo ya ngazi ya 8, ataipata jumla ikiwa 9. Pigo la tatu, ambalo mpiganaji hulipata ngazi ya 11, litakuja jumla ikiwa 12: pointi 100,000 badala ya 85,000. Atahitaji Mvuto 13, na wapiganaji wengi wameuacha 8 au 10; hapo ndipo mkataba mzuri hukwama, na msimamizi mwenye busara anaweza kulimaliza mezani kwa kuruhusu kiumbe kilekile kimtoze kitu kingine mahali pa Mvuto. Kwa malipo hayo anapata nafasi moja ya uchawi inayorudi kila mapumziko mafupi, na mshale wa kichawi ambao, kwa kuwa jumla yake imepita 5, unatoka miwili tangu siku ya kwanza.

Mimi ningemruhusu. Ningemkatalia akiwa ngazi ya 4, nikamwambia kile kisima kitakuwepo baada ya vikao vichache.